Nililipia mboga Februari, kapu la kwanza nikalipata Juni

Mimi ni Mtanzania, naishi Springfield, Massachusetts. Mwaka 2023 mwenzangu kazini alinishawishi ninunue fungu la mavuno ya msimu kwenye shamba moja la kando ya mto Connecticut. Unalipa Februari, theluji ikiwa bado imejaa, mkulima anapata hela ya mbegu bila kwenda kukopa. Kisha Juni hadi Oktoba unafuata kapu lako kila wiki. Nilitoa dola 550. Mke wangu akaigeuza risiti mbele na nyuma: “Baba Neema, na mboga zenyewe ziko wapi?”

Kumbe mtindo huu si mgeni hapa. Marekani ulianza 1986, na mojawapo ya mashamba mawili ya mwanzo, Indian Line, liko jimbo hilihili.

Juni nzima tulikula saladi na figili, pamoja na kolirabi, kitu kama kabichi iliyovimba shina. Halafu Julai mto ukafurika. Ujumbe ukaja: mboga iliyoguswa na maji ya mafuriko haifai kuliwa wala kuuzwa, kwa hiyo wiki tatu hakuna kapu, na hela hairudishwi. Nilifura. Lakini kwenye mkataba ilikuwa imeandikwa wazi kwamba hasara ya msimu ni yetu sote. Mimi ndiye niliyesaini bila kusoma. Nikawasha gari nikaseme yangu. Nilimkuta mama mwenye shamba na mabuti yake, anang’oa mabomba ya maji kwenye tope lenye harufu ya kuoza, nyanya zimelala kifudifudi. Maneno yote yakaniisha. Nikaomba buti.

Siku hiyo, kwenye kipande cha juu ambako maji hayakufika, niliona rundo la majani yaliyopaliwa katikati ya mahindi. Mchicha! Kwao ni gugu. Nikamwomba, nikajaza mifuko miwili, nikachuma na majani ya maboga, yeye ananitazama kama nachuma nyasi. Jioni mke wangu aliunga kwa karanga, swali la risiti likafa hapohapo.

Msimu uliofuata mama yule alipanda matuta mawili ya mchicha kwa makusudi. Siku ya kuchukua makapu, majirani zetu Wakongo wanawahi kuliko mimi.

Ukitaka nyanya mwezi wa sita, nenda supamaketi tu. Sisi tumeendelea, ila sasa tunachukua nusu fungu. Ile kolirabi bado hatujaijulia mapishi.