Kununua German Shepherd: wapi pa kwenda, kuanzia pazuri hadi pa kukimbia

Ukitaka mtoto wa German Shepherd jijini Nairobi leo, utampata kabla jua halijatua. Wapo wanaonyanyuliwa juu kando ya barabara foleni ikisimama, na wapo kwenye simu yako, picha safi na namba ya dalali chini yake. Kazi ni kumpata yule ambaye wiki mbili baadaye bado yu hai, akifika mwaka na nusu anainuka bila kuchechemea, na watoto wa nyumbani wanaweza kumpita akiwa anakula.

Kila anayeniomba ushauri namwambia neno moja kabla ya mengine yote: chagua mama, mtoto atafuata. Mtoto wa wiki nane hana mengi ya kukuonyesha. Wote ni wanono, wote wanalamba vidole. Mama ndiye anayekuonyesha nyonga zilivyo, tabia ilivyo na mwenye nyumba anavyotunza wanyama wake. Ngazi hizi nimezipanga hivyo, kwa kuangalia ni wapi utaweza kumwona mama na kumjua.

1. Mzalishaji anayepima wazazi, kisha anakuhoji wewe

Huyu utamtambua kwenye simu. Unauliza bei, naye anauliza uzio wako ukoje, nani anashinda nyumbani mchana, umewahi kufuga mbwa mkubwa, na askari wa usiku anapenda mbwa au anawaogopa. Wapo wanunuzi wanaokasirika wakihojiwa. Mimi hunipa moyo, kwa kuwa anayejali mbwa anakokwenda kwa kawaida amejali pia alikotoka. Mara nyingi atakwambia hana watoto sasa hivi, jike atapandishwa joto lijalo, uandike jina usubiri. Subiri. Mimba ya mbwa ni kama siku 63, ongeza wiki nane za kunyonya na kulelewa. Mbwa huyu utaishi naye miaka kumi au zaidi, kwa hiyo miezi michache ya kungoja si kitu.

Suala kubwa la mbwa huyu ni nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye tundu lake, kiungo kinasagika, na mbwa anaanza kuruka kama sungura akipanda ngazi. Ugonjwa huu kwa sehemu kubwa ni wa kurithi, na kwa mtoto wa wiki nane huuoni kwa macho. Kinachosaidia ni eksirei ya wazazi. Mfumo wa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, hupanga nyonga kwa herufi, A zikiwa safi na E zikiwa mbovu kabisa. Wamarekani, kupitia OFA, shirika lao la kukagua mifupa na viungo vya mbwa, hutoa cheti cha kudumu mbwa akishatimiza miezi 24. Kwa hiyo jike aliyezaa akiwa na miezi 14 hawezi kuwa na cheti hicho, hata mwenyewe aape.

Usiulize “nyonga ziko sawa?” maana jibu litakuwa ndiyo. Sema: “Naomba kuona majibu ya eksirei ya baba na ya mama.” Karatasi iwe na jina la mbwa na namba ya chipu yake (kile kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi), tarakimu 15, na namba hiyo ilingane na ile ya mbwa aliye mbele yako. Daktari wa mifugo ana kisomeo cha chipu, na mzalishaji mkweli hatachukizwa ukiomba isomwe.

Ugonjwa wa pili ni ule wa uti wa mgongo unaopooza miguu ya nyuma uzeeni. Una kipimo cha DNA. Habari njema ni kwamba mzazi mmoja tu akiwa safi, hakuna mtoto atakayerithi nakala mbili za kasoro hiyo. Kwetu wenye vipimo vyote ni wachache, na nisingependa umpite mtu mwenye eksirei nzuri za nyonga kwa sababu hana cha DNA. Asiye na eksirei hata moja lakini anadai bei ya bingwa wa maonyesho, huyo mpite.

Karatasi za ukoo nazo zina kazi yake. Afrika Mashariki chama cha siku nyingi ni East Africa Kennel Club, chenye makao Nairobi. Ukinunua mbwa aliyesajiliwa, ondoka na hati yenye jina lake na hakikisha umiliki unahamishiwa kwako. “Karatasi zinakuja” ni ahadi ya kukataliwa papo hapo. Lakini elewa hati hiyo inathibitisha nini. Inakwambia babu na bibi ni nani. Haisemi lolote kuhusu nyonga zao, na wauzaji wengi wanategemea usijue tofauti hiyo.

Kisha nenda ukaone. Ukiweza nenda mara mbili, watoto wakiwa na wiki tano au sita, na tena siku ya kuchukua. Angalia wanalelewa wapi. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi ndipo ubongo wa mbwa unajifunza dunia ni kitu cha kawaida: sauti ya blenda, kelele za watoto, bodaboda, mtu aliyevaa kofia, mwavuli unaofunguka. Watoto waliofungiwa banda la nyuma wakimwona mtu mmoja tu anayeleta ugali watakua wakiogopa kila kitu, na German Shepherd mwoga ndiye anayeng’ata wageni. Watu humwita mkali wakidhani ni sifa.

Omba mama aletwe. Akibweka mwanzoni ni haki yake, ana watoto. Ninachongoja ni kinachotokea mwenyewe akimwita: anatulia, anakuja kunusa, anakwenda zake. Mama anayetetemeka nyuma ya ndoo au asiyeweza kufunguliwa kabisa amekwisha kujibu swali lako. Akitembea kutoka kwako, kaa nyuma yake uangalie miguu. Vifundo vya nyuma visigongane wala kuyumba. Mgongo ulioinama sana kama paa huonekana wa kifahari kwenye picha, lakini Max von Stephanitz, aliyeanzisha chama cha mbwa hawa Ujerumani mwaka 1899, alitaka mbwa wa kuchunga kondoo kutwa nzima, na kazi hiyo haifanywi na mbwa anayeburuta makalio.

Baada ya hapo ndipo mnyanyue mtoto. Ufizi uwe wa waridi. Ukiwa mweupe, fikiria minyoo, viroboto au kupe. Macho makavu, masikio yasinuke. Pitisha kidole kwenye kitovu uone kama kuna uvimbe laini wa ngiri. Inua mkia: manyoya yakiwa yameganda kinyesi, tumbo linaharisha. Tumbo gumu la duara kwenye mwili mwembamba ni minyoo, wala si shibe. Fungua mdomo pia. Mtoto wa wiki nane ana meno ya maziwa 28, hata ya nyuma yameshatoka. Ukikuta ya mbele tu, umeletewa mtoto wa mwezi mmoja aliyeongezwa umri ili auzwe.

Masikio yaliyolala yasikutie shaka. Husimama kati ya miezi minne na sita, na yanaweza kulala tena meno yakibadilika. Muuzaji atakayekushauri umpe vidonge vya kalsiamu ili yasimame haraka usimsikilize. Kalsiamu ya ziada huharibu mifupa ya mbwa wa aina kubwa anayekua, na mpe tu chakula cha watoto wa mbwa wakubwa.

2. Mbwa mzima kutoka kwa mzalishaji yuleyule

Chaguo hili watu hulisahau, nami ningelichukua mara nyingi kuliko mtoto. Mzalishaji mzuri hubaki na mbwa aliyemlea kwa maonyesho kisha akakosa kidogo, au hupokea aliyerudishwa na mwenye kuhamia ng’ambo. Ana mwaka mmoja au miwili. Nyonga zake mwenyewe zinaweza kupigwa eksirei, bila kubahatisha kwa kupitia wazazi. Masikio yamesimama, tabia imejulikana, haja anakwenda nje. Mwenye kazi ya saa mbili asubuhi hadi jioni na hana mtu wa kumlisha mtoto mara tatu nne kwa siku, hapa ndipo pake.

3. Jike wa nyumbani kwa mtu unayemfahamu

Shangazi wa rafiki yako ana jike mzuri, amepandishwa kwa dume wa mtaa wa pili, watoto sita, hakuna karatasi. Sidharau nyumba hizi. Mama unamwona, jikoni ndiko watoto walikozaliwa, na bei ni ya chini. Unachokosa ni uhakika wa nyonga na wa ukoo. Baba anaweza kuwa chotara. Lipa bei ya mbwa asiye na vipimo, dai kadi ya chanjo, na baba naye umwone.

Kuagiza nje

Njia hii sikuipa namba kwa sababu wengi hawaihitaji. Ujerumani mbwa wa kuzalisha hukaguliwa kwa masharti makali na ukoo unafuatilika vizuri, lakini utalipa ndege, vibali na daktari, na mama utamwona kwenye video tu. Mwenye nia ya kuzalisha kwa uangalifu ana sababu. Mwenye kutaka mlinzi na rafiki hana. Hata kuvuka Namanga na mbwa kunahitaji kibali, cheti cha afya na chanjo ya kichaa cha mbwa. Anayekwambia atampitisha ndani ya kikapu anakutafutia kesi.

Na kama unachotaka hasa ni mbwa, uwe mkweli nafsini mwako, aina yake haikusumbui, anzia KSPCA, chama cha kutunza wanyama kule Karen, Nairobi, kabla ya kumpigia mzalishaji yeyote. Chotara waliokwisha kukua pale wanalinda nyumba vizuri sana.

4. Dalali wa mtandaoni, na wa mwisho kabisa, barabarani

Dalali hana mama wa kukuonyesha. Atasema yuko shamba, yuko kwa ndugu, “tukutane petroli stesheni nikuletee.” Atakuuzia “jumbo” wa kilo 60. Kiwango cha aina hii ni dume wa kilo 30 hadi 40 na kimo cha sentimita 60 hadi 65 begani. Jike ni kilo 22 hadi 32. Anayezidisha hapo anazidishia viungo mzigo, hakuongezei thamani. Ukituma pesa kwa M-Pesa kabla ya kumwona mbwa, huenda hata mbwa mwenyewe hayupo.

Wa barabarani hatari yake kubwa ni parvo. Virusi hivi hukaa mwilini siku kadhaa, kwa kawaida tatu hadi saba, kabla mtoto hajaanza kutapika na kuharisha damu. Ndiyo maana yule uliyemnunua Jumamosi akichezacheza kwenye kiti cha gari, Alhamisi yuko kwenye dripu. Wengi hawaponi. Virusi hubaki kwenye udongo wa ua wako kwa miezi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu inahitaji jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30. Mwenye kupoteza mtoto wa mbwa hivi asilete mwingine hadi huyo mpya awe amemaliza chanjo zake.

Najua huruma inavyovuta ukimwona amening’inizwa juani. Pesa utakayotoa ndiyo itakayompandisha jike yule tena kabla hajapumzika. Funga kioo, endesha.

Kadi ya chanjo, isome kweli

Maneno “amechanjwa zote” kwa mtoto wa wiki sita au nane hayawezi kuwa kweli. Kinga aliyoipata kwenye maziwa ya kwanza ya mama huizuia chanjo kufanya kazi, na hupungua kwa kasi tofauti kwa kila mtoto. Kwa hiyo chanjo ya distempa, homa ya ini na parvo huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, na ya mwisho hutolewa akifika wiki 16. Homa ya mgunda huchanjwa katikati ya ratiba hiyo, na kichaa cha mbwa kwa kawaida akitimiza miezi mitatu. Mhuri wa kichaa cha mbwa kwenye kadi ya mtoto wa wiki saba unakwambia kadi hiyo ilijazwa mezani.

Kadi ya kweli ina kibandiko kidogo kilichobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, chenye namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda. Pembeni kuna saini na mhuri wa daktari wenye namba ya usajili. Kenya namba hizo ni za Kenya Veterinary Board, Tanzania ni za Baraza la Veterinari. Dawa ya minyoo iwe imeandikwa kila wiki mbili tangu wiki ya pili.

Kulipa

Lipa siku ya kumchukua, baada ya wiki nane kamili. Advansi ya kushika nafasi iwe ndogo, na iandikwe kama inarudishwa mama akizaa wachache. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: namba ya chipu, majina ya wazazi, bei, siku ngapi unaweza kumrudisha daktari wako akigundua ugonjwa, na nini kitafanyika nyonga zikionekana mbovu akiwa na mwaka mmoja. Mzalishaji mzuri ataongeza kifungu chake mwenyewe, kwamba siku yoyote ukishindwa kumfuga, mbwa arudi kwake kwanza, asiuzwe wala kutupwa. Kisha mpeleke mtoto kwa daktari uliyemchagua wewe ndani ya saa 48, kabla hajakanyaga ardhi ya njia ya umma.