Injini za Ford 351, ya Windsor na ya Cleveland: nimeziishi zote mbili

Mwaka wa tatu huu nina Ford Mustang ya 1970, ile yenye mgongo wa kuteremka, hapa Columbus, Ohio. Rafiki yangu mmoja wa Tanga, jirani yangu, ana ya 1969. Tunabadilishana magari kila kiangazi, kwa hiyo nasema ninachokijua. Zote zina injini ya inchi za ujazo 351, karibu lita 5.8, kabureta ya matundu mawili, na kiwanda kiliziandikia nguvu farasi 250 kila moja. (Enzi hizo injini ilipimwa juu ya stendi, imevuliwa alteneta na bomba lake la moshi. Vipimo vilipobadilika mwaka 1972, namba zikaporomoka.)

Kwa sura, 1969 inashinda. Ina taa nne mbele. Mwaka uliofuata Ford walibakisha mbili, wakazisogeza ndani ya grili, na pale zilipokuwa taa za pembeni wakachora matundu ya urembo. Yangu inafanana na mtu aliyenyoa nyusi. Ufunguo nao ulihama kutoka dashibodi kwenda kwenye stelingi. Hadi leo nikiendesha ya jamaa, mkono unapapasa pasipo na kitu.

Mambo yenyewe yako chini ya boneti. Ya 1969 ni Windsor, jina la mji wa Kanada ilikotengenezwa. Mwaka 1970 ikaja Cleveland, ya hapa hapa Ohio, lakini Windsor haikuondolewa. Kwenye namba ya chesisi zote mbili zimepewa herufi H, kwa hiyo karatasi haikusaidii. Aliyeniuzia aliapa ni Windsor. Nikahesabu bolti za kava ya tapeti: nane. Windsor ina sita. Nikaangalia mpira wa juu wa rejeta: kwa Windsor unaingia kwenye manifoldi (bomba la kugawa hewa juu ya injini), huu wangu ulikuwa unashuka wima hadi kwenye bloku, mwili wenyewe wa injini. Nikanyamaza, nikalipa bei ya Windsor, iliyo nafuu.

Furaha hiyo ilidumu hadi nilipobadilisha themostati, vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Kijana wa duka la spea akaniambia 351 ni 351, akanipa ya Windsor. Ilikaa vizuri kabisa, hata gasketi haikuvuja. Siku ya tatu, kwenye foleni, mshale wa joto ukapanda hadi mwisho, nikasimama kando ya barabara na mvuke unafuka. Kumbe ya Cleveland ina kikombe chini yake kinachoziba tundu la njia ya mkato injini ikipata moto, maji yote yapite kwenye rejeta. Bila kikombe hicho maji ya moto yanazunguka tu ndani ya injini. Rejeta yangu ilikuwa nzima, nami nilishaanza kuulizia bei ya mpya!

Barabarani? Tofauti ni ndogo kuliko majina yanavyotisha. Windsor inavuta mapema, ukiondoka kwenye taa unaisikia mgongoni. Cleveland, yenye vali zilizolazwa kwa pembe, inaanza kuimba pale mwenzake anapoanza kuchoka. Lakini kwa kabureta ya matundu mawili huo wimbo ni mfupi. Anayekutoza zaidi kwa sababu tu ya neno Cleveland, muulize kwanza kama ni ya matundu manne, ile ya farasi 300.

Kwa spea, Windsor haina mpinzani. Ford waliendelea kuifunga kwenye pikapu na magari makubwa hadi miaka ya tisini, wakati Cleveland iliachwa Marekani mwaka 1974. Mtu akitaka gari la kwenda nalo kazini, namwelekeza huko bila kusita.

Yangu siiuzi. Nimenunua themostati mbili za akiba, zimo kwenye kabati la dashibodi, na jamaa wa Tanga kila akiazima gari anazichungulia na kucheka.