MikroTik hEX: ruta iliyoniokolea mashine ya kadi

Nina nyumba ya wageni Langoni, Lamu. Wageni wakijaa na video zao, mashine ya kulipia kwa kadi ilikuwa inakwama, na mtu kashika begi, boti yamngoja gatini. Iliniuma sana.

Nikanunua MikroTik hEX, ruta (kifaa cha kugawa intaneti) ya Latvia yenye matundu 5 ya waya. Waya wa intaneti nimechomeka tundu la kwanza, modemu ya laini ya simu la pili. Anwani ya mashine ya kadi kwenye mtandao nimeitia alama, ikapewa jedwali lake la njia, yaani orodha ya data ipite wapi: yapitia modemu peke yake. Wengine wote wabaki kwenye waya.

Tundu la pili nalo lataka kanuni yake ya kubadili anwani ya mtumaji, ili majibu yajue pa kurudi. Niliisahau, na siku nzima data ikatoka, majibu yasirudi.

Menyu zake ngumu kwa mgeni. Lakini kadi sasa yapita hata nyumba ikijaa.