Umepima Rangi za Monita, Mbona Weupe Umeshika Kijani?

Habari zenu, watazamaji wangu. Hiki nilichoshika ni kolorimita, kifaa cha kuning'inizwa mbele ya skrini ili kipime rangi zake. Hii yangu ni i1Display Pro ya X-Rite. Tangu 2021 vifaa vyao vya wapiga picha vinauzwa kwa jina la Calibrite, kwa hiyo ukienda kutafuta leo utakutana na ndugu zake wenye jina hilo. Nitasema kama inafaa kununuliwa, lakini siwezi kuitendea haki kabla ya kuzungumzia jambo linalowakatisha tamaa wengi wanaonunua vifaa hivi: umepima, programu imesema kazi imekamilika, halafu unafungua ukurasa mweupe unakuta weupe umeshika kijani. Au pinki. Au kijivu kimepata umanjano wa karatasi iliyokaa juani.

Na mimi yamenikuta. Hapa nina monita mbili. Moja ni ya kawaida, ina taa ya nyuma ya LED nyeupe. Ya pili ina wigo mpana wa rangi, yaani inaonyesha rangi zilizokolea zaidi. Nilizipima zote kwa kifaa hiki, kwa malengo yale yale: weupe wa D65, yaani weupe wa kiwango unaofanana na mwanga wa mchana, kama kelvini 6500, gama 2.2, yaani namna mwangaza unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe, na mwangaza wa kandela 120 kwa mita ya mraba. Nikafungua picha moja kwenye zote mbili. Ile ya kwanza ilitulia. Ile ya pili ilikuwa kama nguo nyeupe iliyofuliwa pamoja na ya kijani. Nikapima tena, kijani. Nikazima taa za chumba nikapima mara ya tatu, kijani kile kile. Ukiiuliza ripoti, inajibu kwamba wastani wa delta E uko chini ya 1, yaani kosa ni dogo kiasi kwamba jicho lisingetakiwa kuliona.

Tukae kidogo kwenye hiyo ripoti, maana ndiyo inayowapotosha watu. Baada ya kusawazisha, programu inarudi kukagua kazi yake kwa kutumia kifaa kile kile kilichoifanya. Mizani iliyokosea, ukiipandishia mzigo mmoja mara kumi, itakupa kosa lile lile mara kumi, tena bila kusitasita. Ripoti nzuri inakuambia kwamba skrini inafuata kile ambacho kifaa kimekiona. Kama kifaa kimeona vibaya, ripoti haina njia ya kujua.

Sasa kwa nini kifaa kizuri kione vibaya? Ndani ya kolorimita kuna vihisi vya mwanga vilivyofunikwa kwa vichujio vya rangi. Vichujio hivyo vinajaribu kuiga namna jicho la binadamu linavyoona, kwa kufuata kipimo ambacho CIE, tume ya kimataifa ya mambo ya mwanga na rangi, walikiweka mwaka 1931. Vinaiga, lakini si sawasawa kabisa. Ile tofauti ndogo iliyobaki inategemea mwanga unaopimwa umeundwaje. LED nyeupe ya kawaida ni LED ya bluu iliyopakwa fosfori ya manjano, yaani kitu kinachogeuza rangi ya mwanga, kwa hiyo mwanga wake una kilele kirefu cha bluu na kilima kipana kuanzia kijani hadi nyekundu. Skrini ya wigo mpana ina vilele vyembamba, na fosfori za nyekundu za siku hizi vilele vyake ni kama sindano. OLED, ambayo kila nukta yake hutoa mwanga wake yenyewe, nayo ina sura yake. Kichujio kilichopungukiwa kidogo mahali fulani kitasamehewa na kilima kipana, lakini sindano ikiangukia hapo hapo, hesabu inakwenda upande. Kifaa kinadhani kijani ni kidogo kuliko kilivyo, programu inakiongeza, na wewe unabaki na ukijani.

Dawa yake ni kuiambia programu unapima skrini ya aina gani. Kwenye DisplayCAL, ambayo ni programu ya bure inayotegemea ArgyllCMS, kuna orodha ya masahihisho: LED nyeupe, LED za fosfori mbalimbali, OLED na nyinginezo. Nilikuwa nimeiacha kwenye LED nyeupe kwa monita zote mbili. Kosa ni langu. Nilipochagua aina inayolingana na ile ya wigo mpana na kupima upya, ukijani uliondoka, na monita zile mbili zikawa zinafanana kwa mara ya kwanza tangu nizikalishe pamoja. Nilifurahi, nasema kweli.

Hapa ndipo kifaa hiki kinaponipendeza. Kila kimoja kimehifadhi ndani yake taarifa za namna vichujio vyake vinavyopokea mwanga, kwa hiyo ukiipa programu muundo wa mwanga wa skrini, inaweza kupiga hesabu ya sahihisho kwa ajili ya kifaa chako wewe. Skrini mpya ikitoka miaka ijayo, unaongeza faili la muundo wa mwanga wake na kuendelea kupima. Kabla ya kununua kolorimita yoyote, ulizia jambo hili kwanza.

Lakini si kila ukijani unatoka kwenye kifaa. Kabla hujapima upya, tafuta rangi ngeni imejificha wapi. Angalia kitu ambacho hakiguswi na programu za picha: usuli wa kijivu wa mfumo, mshale wa kipanya, menyu. Ikiwa vyote vimeshika rangi, tatizo liko kwenye monita yenyewe au kwenye jedwali ambalo kalibresheni, yaani huko kusawazisha rangi, imepakia kwenye kadi ya grafiki. Ikiwa menyu ziko sawa ila picha ndani ya programu moja ndiyo iliyobadilika, itazame profaili, lile faili linaloeleza rangi za skrini yako. Faili hilo, linaloitwa la ICC, hubeba mambo mawili: jedwali la kusawazisha, ambalo hupakiwa kwenye kadi na kugusa kila kitu, na maelezo ya rangi za skrini, ambayo husomwa na zile programu zinazojali rangi peke yake. Watu wengi huyachanganya haya mawili, halafu wanahangaika siku nzima mahali pasipo na kosa.

Jaribio jingine ninalolipenda: piga picha ya skrini, itume kwenye simu. Picha ya skrini haibebi jedwali la kadi wala tabia ya paneli. Kama kwenye simu ukijani unaonekana bado, basi umo ndani ya data, programu ndiyo imeuweka. Kama umetoweka, urudi kwenye monita na kadi.

Na kuna kesi ya profaili mbaya iliyoletwa na mfumo. Kwenye Windows, masasisho yanaweza kukuwekea profaili ya mtengenezaji wa monita, na ikiwa ina kasoro, kitazamapicha cha zamani huonyesha weupe ukiwa na umanjano wakati kurasa za intaneti ni nyeupe tu. Ingia kwenye udhibiti wa rangi, ondoa profaili hiyo, weka sRGB, ile profaili ya rangi za kawaida, kwa muda uone.

Je, rangi inakuja na kuondoka? Asubuhi sawa, ukirudi baada ya kompyuta kulala imebadilika? Hapo kuna mtu anagombania jedwali la kadi. Labda una programu mbili za kupakia kalibresheni, moja iliyokuja na kifaa na nyingine uliyoiongeza, kila moja inafuta ya mwenzake. Labda mchezo umeingia skrini nzima ukalifuta. Acha mpakiaji mmoja tu. Halafu kagua Night Light kwenye Windows, Night Shift na True Tone kwenye Mac. Mtu anapima usiku huku Night Light imewaka, kalibresheni inajitahidi kufidia ule urangi wa chungwa, na kukicha inapozimika yenyewe, skrini yote inageuka bluu. Zima vitu hivyo vyote kabla ya kupima. Na skrini iwe imewaka nusu saa, kwa sababu paneli baridi na paneli iliyopata joto hazitoi weupe mmoja.

Jambo la vitelezi vya rangi vya monita nalipitia haraka, ila usilipuuze. Sahihisha weupe kwenye menyu ya monita kwanza, nyekundu, kijani na bluu, kabla kadi haijaguswa. Jedwali la kadi haliwezi kuongeza mwanga, linapunguza tu. Kadi ya kawaida ikituma ngazi 256 kwa kila rangi, na umeiachia ikate bluu kwa wingi, ngazi za bluu zinapungua, na mteremko laini wa kijivu unatoka na michirizi ya rangi. Ile rangi iliyo dhaifu iache juu, shusha nyingine mbili zije kuikuta.

Kama ukijani au uwekundu unakaa kwenye vivuli tu, yaani kijivu cheusi kabisa, weupe ukiwa safi, sababu huwa ni mwanga hafifu. Kolorimita ikipima giza inapata ishara ndogo iliyochanganyika na kelele. Chagua kasi ya taratibu, zima taa za chumba, hakikisha kifaa kimelala bapa juu ya skrini bila upenyo. Hii yangu ina uzito kwenye waya unaoning'inia nyuma ya monita, nao husaidia, ila nainamisha monita nyuma kidogo ili kifaa kiegemee chenyewe.

Halafu kuna jicho lako, na hapa naomba usijihukumu. Kama kwa miaka umefanya kazi kwenye skrini iliyowekwa kelvini 9300, yenye ubluu mwingi, siku ya kwanza ya 6500 utaapa kwamba ni ya manjano. Hakuna kilichoharibika. Fanya kazi nayo siku mbili tatu ndipo uamue. Wengine wanarudisha ubluu ndani ya dakika kumi, na picha zao zinaendelea kutoka na rangi ya joto kupita kiasi kwenye skrini za watu wengine.

Ila kuna wakati jicho ndilo lenye haki. Weka OLED kando ya LED ya kawaida, zote zimepimwa vizuri, namba za weupe ni zile zile hadi desimali ya tatu, na bado moja inaonekana ina ukijani. Kipimo cha 1931 kina udhaifu upande wa bluu, na mtaalamu wa rangi aitwaye Judd alishapendekeza marekebisho mwaka 1951. Kwenye mwanga mpana udhaifu huo haujitokezi sana, ila kwenye vilele vyembamba unaonekana. Sony walitumia marekebisho hayo ya Judd kwa monita zao za OLED za studio. Hata watu wawili wenye macho mazima hawataona sawa, kwa sababu lenzi ya jicho hupata umanjano kadiri umri unavyokwenda.

Katika hali hiyo mimi nafanya hivi: monita niliyoizoea inakuwa kigezo, naweka mraba mweupe kwenye zote mbili, mwangaza ukiwa sawa, kisha nasogeza vitelezi vya ile ya pili hadi macho yangu yaone weupe mmoja. Napima nukta hiyo kwa kolorimita, naipa programu kama lengo jipya badala ya D65, halafu naiachia ipange kijivu chote kifuate hapo. Namba haitakuwa ile ya vitabuni, na sioni shida yoyote.

Kwa hiyo kifaa: nunua, ikiwa unahariri picha au video na unajali wanachokiona wengine. Ukipata i1Display Pro iliyotumika inayosomeka kwenye DisplayCAL, au ndugu yake wa Calibrite, zote ni kazi nzuri. Kwa OLED au skrini kali za HDR, tazama kiwango cha juu cha mwangaza ambacho toleo lako linaweza kupima, kwa kuwa hayalingani. Na ukiifungua boksi, kabla ya kubofya kitufe cha kuanza, tafuta mahali panapouliza aina ya skrini. Kwenye programu nyingi ni kimenyu kidogo pembeni, kimeshachaguliwa LED nyeupe.