Nimejiandikia trasti ya familia California: programu inasaidia, lakini haimalizi kazi

Mimi na mume wangu tuna nyumba moja ya kuishi hapa Sacramento, akaunti za benki, akiba za uzeeni na watoto ambao bado wadogo. Hatuna biashara wala nyumba za kupangisha. Kwa familia ya aina hii, programu ya kompyuta ya kujiandikia trasti, yaani mpango wa kisheria unaoweka mali mikononi mwa mdhamini (msimamizi wake) kwa faida ya watu unaowataja, imetutosha kabisa, na wenye hali kama yetu nawashauri waitumie bila woga. Ila wajue mapema kwamba karatasi zinazotoka kwenye printa ndiyo sehemu rahisi.

Kilichonisukuma ni hesabu. Katika jimbo hili, mtu akifariki na nyumba ikiwa kwa jina lake bila trasti wala mpango mwingine wa kuihamisha, warithi wake kwa kawaida hupitia mahakama ya mirathi hata kama aliacha wosia. Wengi wetu tunaamini wosia unaikwepa mahakama. Hauikwepi, unaiambia tu nani apewe nini. Ada ya wakili wa mirathi imepangwa na sheria: asilimia 4 ya dola 100,000 za kwanza, asilimia 3 ya 100,000 zinazofuata, kisha asilimia 2 ya 800,000 zinazofuata. Msimamizi wa mirathi naye anaruhusiwa kudai kiasi hichohicho. Zaidi ya hapo, hesabu hupigwa kwa thamani yote ya mali, madeni hayatolewi. Nyumba ya dola 800,000 ambayo bado ina mkopo wa 500,000 huhesabiwa kuwa ni 800,000, yaani dola 19,000 za wakili na 19,000 nyingine msimamizi akizitaka. Hizo ni fedha za masomo ya watoto. Na kesi hiyo inaweza kuvuka mwaka mzima huku faili likiwa wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma.

Trasti inaondoa hayo kwa sababu mwenye nyumba kisheria hawi tena mimi kama mimi, bali mimi kama mdhamini wa trasti. Nikifariki, mdhamini niliyemtaja anashika usukani bila kusubiri idhini ya hakimu. Nikiwa hai nabaki na uhuru wote: nauza, nabadilisha, nafuta. Kodi ya mapato inaendelea kulipwa kwa namba yangu ileile. Wanaotafuta kinga dhidi ya wadai wasiitafute hapa, maana trasti inayoweza kufutwa haimfichi mtu na madeni yake.

Programu yenyewe niliipenda. Inauliza swali moja moja, inaeleza kwa nini inauliza, na inakuruhusu kurudi nyuma. Tulijaza pamoja mezani, na yale maswali yalitufanya tuzungumze mambo ambayo tulikuwa tunayaahirisha kwa miaka: nani ashike mali ikiwa sote wawili tutaondoka, mtoto akabidhiwe urithi akiwa na umri gani, mlezi awe shemeji au dada. Hapo nasema wazi kwamba hata kama tusingechapisha chochote, mazungumzo yale yalikuwa na thamani kuliko bei ya programu. Ilitukumbusha pia kwamba mlezi wa watoto hatajwi ndani ya trasti, bali ndani ya wosia, kwa hiyo ikatuandalia wosia wa kuandamana nayo. Wosia huo pia unaelekeza mali yoyote iliyosahaulika iingizwe kwenye trasti, ingawa mali hiyo iliyosahaulika, ikiwa kubwa, bado itapita mahakamani.

Sasa tuje kwenye hati ya nyumba, maana hapa ndipo watu wengi huachia njiani. Trasti iliyosainiwa bila kuhamishiwa mali ni sanduku tupu. Kuandika nyumba kwenye orodha ya mali nyuma ya waraka hakubadilishi jina kwenye rejesta ya kaunti. Warithi wanaweza kuiomba mahakama ikubali kwamba nyumba ilikusudiwa kuwa ya trasti, lakini hiyo ni safari ileile ya mahakamani tuliyokuwa tunaikimbia. Inabidi uandike hati mpya ya uhamisho: kutoka kwenu kama mume na mke, kwenda kwenu kama wadhamini wa trasti fulani ya tarehe fulani. Maelezo ya kisheria ya kiwanja yanakiliwa neno kwa neno kutoka hati ya zamani. Anwani ya mtaa haitoshi. Saini zinathibitishwa mbele ya notari, ambaye hapa hawezi kutoza zaidi ya dola 15 kwa kila saini. Kisha unaipeleka kwa msajili wa hati wa kaunti pamoja na fomu ya taarifa ya mabadiliko ya umiliki. Fomu hiyo usiisahau: ndipo unapoweka alama kwamba uhamisho ni wa kwenda kwenye trasti yenu wenyewe inayoweza kufutwa, ili nyumba isithaminiwe upya na kodi yenu ya nyumba ibaki palepale chini ya Proposition 13, sheria ya California inayozuia kodi hiyo kupanda ovyo. Programu iligusia haya yote kwa aya moja ya jumla. Kwa bidhaa inayouzwa kama suluhisho kamili, nadhani hilo ni pungufu kubwa.

Mume wangu alihofia benki ya mkopo ingedai deni lote kwa sababu jina limebadilika. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1982, Garn-St Germain, inamlinda mkopaji anayehamishia nyumba anayoishi kwenye trasti yake huku akibaki mnufaika. Tulimjulisha pia wakala wa bima ya nyumba ili jina la trasti liongezwe kwenye mkataba wa bima. Simu fupi, lakini ni ya lazima.

Akaunti za benki hazikutusumbua. Unapeleka muhtasari wa trasti wenye majina ya wadhamini na mamlaka yao, si lazima karani asome nani anarithi nini. Akiba zetu za uzeeni, yaani akaunti za 401(k) na IRA, hatukuzihamisha. Hizo zina fomu zake za kutaja wanufaika, na kuzibadilisha umiliki wakati uko hai kunaweza kuleta kodi nzito.

Nani asijifanyie mwenyewe? Mwenye watoto wa ndoa tofauti, mwenye mtoto mlemavu anayepokea msaada wa serikali, mwenye biashara na washirika, au mwenye ardhi nje ya Marekani, kwa kuwa ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo. Programu haikutuuliza hata kama tuna mali nje ya nchi, na kwa wahamiaji swali hilo lingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza. Hao wamlipe wakili.

Wengine huenda hawahitaji trasti kabisa. Kwa waliofariki kuanzia tarehe 1 Aprili 2025, mali isiyozidi dola 208,850 inaweza kuchukuliwa kwa utaratibu mfupi, na nyumba ya kuishi isiyozidi dola 750,000 ina maombi yake mepesi mahakamani. Nyumba yetu imepita kiwango hicho, na bei za hapa hazirudi nyuma kirahisi.

Kwa wanaofikiria kubadilisha mkopo wa nyumba: baadhi ya wakopeshaji hutaka nyumba itolewe kwenye trasti kabla ya kukamilisha mkopo mpya. Mkikubali, ombeni hati ya kuirudisha isainiwe siku hiyohiyo, kisha mchukue nakala iliyosajiliwa kutoka kaunti na mlisome jina la mwenye nyumba kwa macho yenu.