Uzoefu wangu: Machimbo ya zamani ya Sekenke kwa miguu, na kiongozi wa palepale

Huduma ninayoieleza ni ya kiongozi wa kijijini, mchimbaji mdogo anayetembeza wageni kwenye machimbo ya dhahabu ya Sekenke. Ukitokea Dodoma ni lami tupu: Singida, km 240 hivi, kisha Misigiri, halafu unateremka mlima Sekenke kuelekea Shelui. Kona zile ndizo malori huunguza breki, kwa hiyo shuka na gia ya pili.

Machimbo yalianza enzi za Mjerumani, mwaka 1909, na dhahabu yake ndiyo iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 kuwa sarafu za rupia 15, zile zenye tembo. Ukija kutafuta mitaa na nyumba utajiona umepunjwa. Cha kutazama hapa ni ardhi.

Na ardhi hiyo ndiyo sababu ya kumlipa kiongozi: anajua wapi chini pako wazi. Mkanda wa dhahabu hukimbia kwa mstari, na wachimbaji wa kale waliufuata hivyohivyo. Ukiona mashimo mawili yametazamana, kati yake mawe meupe yametapakaa au udongo umebonyea kama sahani, jua katikati pamechimbwa kwa chini. Usiufuate mstari huo, zunguka. Mdomo wa duara, yaani shimo la mchimbaji, nao hudanganya. Kifusi kimelundikwa juu ya matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, matimba yameliwa na mchwa, na kinachoonekana kama ukingo ni udongo unaoning'inia tu. Kiongozi alitusimamisha mita tano nyuma, akarusha jiwe, tukasikiliza linavyogonga kuta. Hakumruhusu mtu kusogea kupiga picha. Hapo nampa alama zote.

Kuingia ndani usikubali, hata ukiambiwa shimo limekauka. Hewa mbaya ni nzito, hutulia chini, na haina harufu. Mtu anaishiwa nguvu kabla hajajua kinachomsibu. Bado kuna popo, na nyuki ambao hupenda sana mashimo yaliyoachwa. Manukato yaache nyumbani.

Alikokosea ni muda. Alipanga tuanze saa tatu asubuhi, na kufikia saa tano mawe yanachoma na kivuli cha mgunga hakitoshi hata mtu mmoja. Mng'ang'anie muanze saa kumi na mbili na nusu. Maji hana, beba lita 4 kwa kila kichwa kwa nusu siku. Miiba ya migunga hupenya raba za soli nyembamba, kwa hiyo vaa buti za soli nene na uweke kibano mfukoni. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Masika usiende: kingo hulainika, na huko chini kwenye mbuga ya Wembere udongo mweusi hunasa gari.

Ule mchanga laini wa kijivu usioota majani ni marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu. Dhahabu ya namna hii hukamatwa kwa zebaki na sayanaidi, na jiwe lililosagwa vile huharibu mapafu, hivyo pita upande upepo unakotoka, funika pua, na usile kabla ya kunawa kwa maji uliyokuja nayo. Watoto wasichezee kabisa.

Kuna wauzaji wa "mali ya Mjerumani" pia, maana hadithi za hazina hazikauki nchi hii. Sarafu halisi ya rupia 15 ina uzito wa gramu 7 na kidogo, wala sumaku haiivuti. Niliyoonyeshwa iliruka moja kwa moja kwenye sumaku. Jiwe lenye dhahabu nalo usilitie begini: kumiliki madini bila leseni ni kosa, na kisingizio cha ukumbusho hakitakusaidia.

Kabla ya kuanza matembezi pitia ofisi ya kijiji, kisha kwa mwenye leseni ya eneo, kwa sababu baadhi ya maduara yanayoonekana yamekufa yana wenyewe. Bei patana mapema, na uulize kama ni kwa kichwa au kwa kundi.