Programu ya mwezi kwenye simu: uzoefu wangu nikiwa mnunuzi wa dagaa Kunduchi

Nanunua dagaa pwani ya Kunduchi hapa Dar es Salaam, nawakaanga na kuwasambaza kwa mama lishe na wenye vibanda kuanzia Tegeta mpaka Mwenge. Kazi hii inaendeshwa na mwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa: taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unazungushwa. Mbalamwezi ikitanda, bahari nzima inang'aa, taa inakosa nguvu ya kuwavuta na dagaa wanatawanyika. Ndiyo maana siku za mwezi mpevu vyombo vingi vinakaa mchangani na watu wanashona nyavu. Ukijua giza linaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi, unajua mzigo utafika lini na bei itaelekea wapi. Tangu mwaka jana natumia programu ya simu inayoonyesha mwenendo wa mwezi, na wenzangu wengi wameniuliza kama inasaidia. Jibu langu ni ndiyo, ila ujue unaangalia nini ndani yake.

Programu za aina hii ziko tele, na namba zake zinakaribiana sana kwa sababu mwendo wa mwezi unajulikana kwa hesabu miaka mingi mbele. Zinapotofautiana ni kwenye namna ya kukuonyesha. Hii yangu ni ya bure, ina matangazo, na ukishaipakua inafanya kazi hata bando likiisha. Ukiifungua unakutana na picha kubwa ya mwezi wa leo pamoja na asilimia ya mwanga. Ukishuka chini kuna jedwali la mwezi mzima: tarehe, saa ya kuchomoza, saa ya kutua, asilimia, na umbali wa mwezi kwa kilomita.

Jedwali hilo ndilo lililonifanya nibaki nayo. Picha peke yake haitoshi. Chukua nusu mwezi: inatokea mara mbili katika kila mzunguko wa siku 29 na nusu, na kwenye asilimia zote mbili zinasomeka 50. Lakini kazini ni vitu viwili tofauti kabisa. Nusu ya kwanza, mwezi ukiwa unakua, huchomoza karibu na adhuhuri na kutua karibu saa 6 usiku. Maana yake jioni yote kuna mwanga, giza linakuja baada ya saa 6, vyombo vinachelewa kuondoka na dagaa wanashushwa jua likiwa limeshatoka. Nusu ya pili, mwezi ukipungua, huchomoza karibu saa 6 usiku na kutua mchana. Hapo giza liko mwanzoni mwa usiku. Wavuvi wanaingia baharini mapema, wanavua mpaka mwezi utoke, na chombo kinaweza kurudi usiku wa manane. Usipokuwa pale na ndoo zako, mzigo unachukuliwa na mlanguzi, nawe asubuhi unaununua kwake kwa bei yake.

Kuna nahodha mmoja mtu mzima ambaye huwa namuuliza kabla ya kuamua nitoke na hela kiasi gani. Siku chache baada ya mwezi mpevu nilimkuta anapakia taa. "Shikamoo nahodha, leo mnatoka? Mbona mwezi bado mkubwa?" Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Mkubwa, lakini unachelewa. Tutazungusha mara mbili kabla haujapanda." Nikafungua simu pale pale: kuchomoza, saa 3 na dakika kadhaa usiku. Kwetu giza linakamilika kama saa 1, kwa hiyo alikuwa na saa mbili za kazi. Yeye hana programu yoyote, amehesabu kwa miaka yake baharini. Mimi sina miaka hiyo, na jedwali linanipa angalau kipande cha anachokijua.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba mwezi huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Siku ya mwezi mpevu unatoka jua linapozama, yaani hapa Dar kati ya saa 12 na saa 1 jioni kutegemea majira. Kesho yake unatoka kama saa 1 na robo, keshokutwa saa 2 na kitu, na giza linaongezeka hivyo hivyo kila jioni. Kabla ya mwezi mpevu ni kinyume: giza linabanwa upande wa alfajiri, kila siku mwezi ukichelewa kutua. Kwa sababu ya kuchelewa huku, kila mzunguko kuna tarehe ambayo safu ya kuchomoza imewekwa kistari tu, na nyingine ambayo safu ya kutua ina kistari. Si hitilafu. Mwezi uliochomoza karibu na saa 6 usiku Jumatatu, zamu yake inayofuata inaangukia baada ya saa 6 usiku ya Jumanne, hivyo tayari ni Jumatano.

Hapo ndipo pa kuwa makini. Programu inabadilisha tarehe saa 6 usiku na inaandika saa za kizungu, 00:40 kwa mfano. Hiyo ni saa 6:40 usiku, na ikiwa kwenye mstari wa Jumatano ujue ni usiku wa kuamkia Jumatano. Mimi kila mwanzo wa mwezi nanakili jedwali kwenye daftari kwa saa zetu na kwa usiku wetu, kisha napiga picha na kuwatumia vijana wangu wa ndoo. Pia hakikisha umeweka Dar es Salaam kama mahali ulipo. Usipoiruhusu kujua ulipo, hii yangu inarudi kwenye saa za London, na jedwali lote halina maana.

Asilimia ya mwanga nayo inadanganya jicho. Mwezi wa asilimia 50 hautoi nusu ya mwanga wa mwezi mpevu; unatoa karibu sehemu moja ya kumi tu. Ndiyo sababu wavuvi wengine hawaogopi nusu mwezi kama wanavyoogopa siku mbili tatu za kabla na baada ya mwezi mpevu. Na ile picha kubwa imechorwa kwa watu wa kaskazini ya mbali: hilali imesimama wima, pembe zikielekea pembeni. Kwetu, karibu na ikweta, hilali ya jioni hulala kama mashua, pembe juu. Haiharibu kazi, ila inaniudhi kila ninapoiona.

Kwa wanaotaka kuitumia wakati wa Ramadhani: siku iliyoandikwa "mwezi mpya" ni pale mwezi unapopita upande wa jua, na siku hiyo hauonekani. Hilali huonekana jioni ya kesho yake au keshokutwa. Linganisha saa ya jua kuzama na saa ya mwezi kutua. Zikikaribiana sana, hakuna cha kuona. Tangazo la kuandama linabaki kwa wenyewe, BAKWATA na masheikh wetu, na hapa Dar mwezi unatua upande wa bara, siyo baharini, kwa hiyo usitazame upande wa kisiwa cha Mbudya.

Kwenye kupatwa kwa mwezi iliniridhisha sana. Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 ilionyesha mwezi utaanza kuliwa saa 1:27 usiku, utafunikwa wote saa 2:30 na kuanza kuachiwa saa 3:52. Tulikuwa ufukweni na saa mkononi, ikawa hivyo hivyo.

Upungufu mkubwa ni kwamba haina maji. Mtu wa pwani huwezi kumtenganishia mwezi na maji kujaa na kupwa. Siku za mwezi mpya na mwezi mpevu tunapata bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hapa kwetu hupwa kabisa kama saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Siku za nusu mwezi ni maji mafu. Chombo chenye mzigo kikikuta maji yamepwa kinatia nanga mbali, na wabebaji wanaongeza bei ya kila ndoo. Hilo lazima nilitafute kwingine.

Toleo la kulipia linaondoa matangazo tu, na malipo yanataka kadi ya benki, kwa hiyo sijalinunua. Ila kijana yeyote wa hapa mjini anayejua kutengeneza programu na akaniwekea kwenye ukurasa mmoja usiku wa kuamkia siku gani, mwezi kuchomoza na kutua kwa saa za Kiswahili, saa za giza, na maji kujaa na kupwa Kunduchi, nikalipa kwa simu, mimi nitalipa kila mwezi, na wakaangaji wenzangu nitawaleta.